Usiamini Tagi: Jinsi ya Kupanga Muziki wa Busia na Malaba

Ingia kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, au kule Malaba ambako madereva wa malori husubiri foleni isogee, uombe kuonyeshwa kompyuta. Utakuta foda zimeandikwa Lingala, Luhya, Teso, Uganda, Zilizopendwa, Injili. Fungua ile ya Lingala. Humo unaweza kumkuta Jean Bosco Mwenda, aliyeimba Kiswahili cha Katanga, na Samba Mapangala akiimba Kiswahili vilevile, na hata benga ya Wajaluo iliyotupwa humo kwa sababu ya gitaa tu. Fungua ya Luhya: isukuti ya Kakamega, gitaa la Bunyore na wimbo wa matanga wa Wasamia vimechanganywa pamoja.

Mwenye kibanda simlaumu. Mteja ana matatu ya kukimbilia na memori kadi mkononi, na foda ile inamhudumia haraka. Shida huanza foda ikishapakiwa mtandaoni. Neno lililoandikwa kwa ajili ya mteja mmoja linageuka tagi, mtu wa Eldoret au wa Toronto anainakili, na baada ya miaka michache inasomwa kama ushahidi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeweka nyimbo kwa biashara, wewe DJ wa harusi na matanga, wewe mtangazaji, wewe mwanamuziki unayepakia kazi yako mwenyewe. Na zaidi ya wote ni wako wewe kijana uliyerithi sanduku la kanda za babu na unataka kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijaoza.

Tagi hutoka wapi

Faili ya MP3 hubeba maelezo yake yenyewe. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni ID3, kipande cha baiti 128 kinachobandikwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, mwimbaji 30, albamu 30. Aina ya muziki ilipewa nambari moja tu, kutoka kwenye orodha ya aina 80. Orodha hiyo ilikuwa na polka. Haikuwa na benga, wala taarabu, wala rumba. Na nambari yake ya kwanza, yaani sifuri, ilikuwa Blues. Programu ikiiacha nafasi hiyo ikiwa sifuri, wimbo unasomeka kuwa Blues bila mtu yeyote kuamua hivyo. Kwa hiyo ukikuta wimbo wa mpiga gitaa George Mukabi umeandikwa Blues, usidhani kuna mjuzi aliyeusikiliza akaupima. Ishuku sifuri kwanza.

Ukomo wa herufi 30 nao umeacha alama. Mtu aliyeandika “Abana ba Nasery: Shem Tube, Justo Osala” alibakiwa na “Abana ba Nasery: Shem Tube, Ju”, na Justo Osala akapotea kwenye rekodi aliyoipiga mwenyewe. Toleo la pili la ID3, lililotoka mwaka 1998, liliondoa ukomo huo na kumruhusu kila mtu aandike aina ya muziki kwa maneno yake. Tangu hapo kila mtu ameandika lake.

CD zilileta mlango mwingine wa makosa. CD ya kawaida ya muziki haina majina ya nyimbo ndani yake. Hazina iitwayo CDDB, iliyoanza mwaka 1993, iliitambua CD kwa urefu wa nyimbo zake, kisha ikaleta majina yaliyochapwa na mtu wa kwanza aliyeingiza CD hiyo kwenye kompyuta. Akikosea herufi, waliomfuata walipokea kosa lake tayari limepikwa.

Halafu kuna tagi zinazowekwa kwa makusudi. Kwenye Last.fm, ambako wasikilizaji wenyewe waliubandikia muziki tagi, watu waliamua kumbandika Paris Hilton tagi ya “brutal death metal”, muziki wa kunguruma usiohusiana naye hata chembe. Kwenye YouTube, tagi huwekwa na aliyepakia video na mtazamaji hazioni. Kampuni yenyewe husema zina mchango mdogo sana katika utafutaji na kwamba faida yake kubwa ni pale watu wanapokosea tahajia. Hata hivyo utakuta wimbo wa kwaya ya kijijini umebandikwa majina ya Diamond na Sauti Sol kwa tamaa ya watazamaji.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye tagi, hao wengi mara nyingi ni mtu mmoja aliyenakiliwa tena na tena. Nakupa kipimo rahisi: ukikuta tovuti kumi zinakubaliana kuhusu wimbo, tazama tahajia. Kama zote kumi zimekosea herufi ileile, huna mashahidi kumi. Unaye mmoja.

Makosa ya mpaka wetu

Hapa kwetu neno lenye hatari kuliko yote ni “Uganda”, na ndugu yake “Kenya”. Mwaka 1902 Uingereza iliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukaingizwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, na mipaka iliyochorwa na wakoloni ikawapasua Wasamia na Wateso pande mbili. Kijana wa Amagoro anaweza kuimba Kiteso, akarekodi Tororo, akatumbuiza Malaba na video yake ikapakiwa na shangazi aliye Nairobi. Tagi yenye neno moja la nchi itamnyima mtu kitu, lolote utakalochagua.

Mtazame Samba Mapangala. Alizaliwa Kongo, akapiga muziki Kampala na Les Kinois, akahamia Nairobi mwaka 1977, baadaye akaunda Orchestra Virunga, kisha akaishi Marekani. D.O. Misiani naye alitoka Shirati, Tanzania, akawa mfalme wa benga nchini Kenya mpaka alipofariki mwaka 2006. Shauri langu ni kwamba usiandike nchi kama neno moja. Andika mwimbaji alikotoka, na kando yake wimbo uliporekodiwa. Kama unajua kimoja tu, andika hicho kimoja.

“Lingala” ni lugha. Kama foda ya biashara iache, wateja wameizoea. Kwenye maelezo ya faili itumie pale tu wimbo unapoimbwa kwa Kilingala. Muziki wenyewe uite rumba, au soukous pale gitaa la solo linapochukua usukani na mwendo kuwa wa kasi. Wanamuziki wa Super Mazembe na Les Mangelepa walitoka Zaire lakini rekodi zilizowapa jina kwetu zilifanyika Nairobi. Hiyo ni rumba ya Nairobi, na inastahili kuandikwa hivyo.

“Luhya” ni tagi iliyomeza watu wengi. Isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, iliorodheshwa kwa jina la Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mtandaoni kila ngoma ya Magharibi imekuwa isukuti, hata ya Wakhayo wa Nambale na Wasamia wa Funyula. Kadodi ya Wagisu wa upande wa Mbale nayo hubandikwa “tohara ya Waluhya”. Andika jamii yenyewe: Wakhayo, Wasamia, Wamarachi, Wanyala, Wabukusu. Ukitaka kuongeza “Luhya” iongeze baadaye, ili mtafutaji akufikie.

Wateso ndio walioumia zaidi, kwa maoni yangu. Akogo yao, ile ala ya vyuma vinavyobofywa kwa vidole gumba, huitwa kalimba, jina ambalo Hugh Tracey alilitumia kuuzia ala alizotengeneza Afrika Kusini tangu miaka ya 1950. Kinubi chao cha adeudeu huishia kuitwa nyatiti au litungu na mtu ambaye hajawahi kukiona. Na mara nyingi hawapewi hata jina la ala, wanapewa neno “asili”, kana kwamba mpigaji hana jina, hana kijiji na hana mwaka. Neno hilo liondoe kwenye kompyuta yako. Halimsaidii yeyote kupata chochote.

Tagi nyingine huharibika kwa kupata kazi mpya. Tangu mwishoni mwa 2024 Wakenya walipoanza kumwita Rais William Ruto “Kasongo” mitandaoni, anayeutafuta wimbo wa Super Mazembe wenye jina hilo kwa tagi hiyo hukutana na siasa kabla ya gitaa.

Nani aliimba, nani alitunga

Majina ya watu yanaharibika kuliko aina za muziki, na hapo ndipo mtu anapopoteza haki yake. Nyimbo za bendi ya TPOK Jazz karibu zote hubandikwa jina la kiongozi wake, Franco. Lakini “Maya” ni utunzi wa Simaro Lutumba, na aliyeuimba ni Carlyto. “Shauri Yako”, ambao Wakenya wengi wanaujua kwa Super Mazembe, ulitungwa na Nguashi N'Timbo. “Malaika” hubandikwa Miriam Makeba au Boney M., na wote wawili waliuimba kweli. Kabla yao Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Adam Salim naye alidai kuwa ndiye mtunzi. “Jambo Bwana” ni wa Them Mushrooms wa Mombasa, mwaka 1982, hata kama faili yako inasema Boney M.

Kwa hiyo tenganisha mambo matatu ambayo tagi huyapachika mahali pamoja: aliyetunga, aliyeimba, na bendi. Pale penye mgogoro kama wa “Malaika”, andika pande zote mbili. Kazi yako ni kuhifadhi mgogoro kama ulivyo.

Sikiliza kabla ya kuandika

Anza na lugha, kwa sababu ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi na ndio unaopuuzwa zaidi. Kama huifahamu, mtafute anayeifahamu. Busia huwezi kukosa msemaji wa Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Dholuo au Luganda ndani ya soko moja. Mchezeshee dakika moja tu. Usimuulize “hii ni ya wapi?”, kwa maana swali hilo linamlazimisha abahatishe. Muulize “anasema nini?” Mengine yatafuata yenyewe.

Kisha ala. Magitaa makavu na chupa ya Fanta inayogongwa ni dalili ya omutibo, muziki wa akina George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, na Abana ba Nasery wa Bunyore. Gitaa moja linalosindikiza hadithi ndefu ya Kiganda ni kadongo kamu, njia ya marehemu Paul Kafeero. Lakini Afrigo Band ya Moses Matovu, iliyopo tangu 1975, ni bendi kamili yenye tarumbeta na saksafoni, na kuiweka huko ni kosa hata kama lugha ni ileile. Kuhusu fidla, kuwa mwangalifu: orutu ya Waluo na siilili ya Wabukusu zinakaribiana mno kwa sauti. Hapo lugha ya mwimbaji ndiyo iamue.

Halafu sikiliza majina. Waimbaji wetu hujitaja. Katika benga na katika muziki wa gitaa wa Magharibi, mwimbaji humsifu rafiki, hutaja kijiji chake, hutaja mwenye baa, humwita mpiga solo kwa jina ili aingie. Majina hayo yaandike yote, pamoja na dakika yanaposikika. Wimbo ukimtaja mtu wa Butula na duka la Bumala, umepata pa kuanzia kuuliza, na hakuna tagi ya mtandaoni itakayokupa hilo.

Kama unayo santuri au kanda, soma karatasi yake kabla ya kusoma skrini. Santuri ndogo za Afrika Mashariki mara nyingi zilichapa jina la mtunzi, bendi, lugha na hata mtindo wa kucheza. Piga picha pande zote mbili, pamoja na nambari iliyochapwa pembeni, maana nambari hiyo ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha na hazina ya Discogs. Kanda ya kunakiliwa nyumbani iliyoandikwa kwa kalamu iamini kidogo zaidi ya mtandao, kwa kuwa aliyeandika pengine alimjua mwimbaji, lakini iulizie pia.

Programu za kutambua wimbo kwa sauti, kama Shazam, ni nzuri kwa nyimbo za redio. Zinalinganisha sauti na zilizomo kwenye hazina yao, basi. Kanda iliyovutika, au mchanganyiko wa DJ anayepiga kelele juu ya gitaa, huzishinda. Na zikitambua, zinakupa jina lililoandikwa kwenye hazina, likiwa sahihi au likiwa bovu.

Mfano mzuri wa kuandika uliachwa na Hugh Tracey, aliyerekodi Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha maktaba ya ILAM nchini Afrika Kusini mwaka 1954. Kwenye kadi zake aliandika mpigaji, mahali, tarehe, lugha na ala. Alikuwa mgeni na alikosea mara kadhaa. Lakini kwa kuwa mahali na majina yalikuwepo, katika miaka ya 2010 ILAM na Ketebul Music ya Nairobi ziliweza kupeleka nakala za rekodi hizo katika jamii zilikotoka. Kadi ingekuwa imeandikwa “asili” tu, wangezipeleka wapi?

Namna ya kuandika kwenye faili

Nakili foda nzima kwanza na usiiguse ile ya asili. Kisha tumia programu ya bure kama Mp3tag, au Picard ya MusicBrainz. Picard inasaidia kwa sababu hazina yake inahaririwa na watu wanaokaguana, lakini izuie isibadilishe faili zako zote kwa mkupuo. Itafuta majina ya kijijini uliyoyatafuta kwa jasho na kuweka ya kwake. Hifadhi kwa toleo la ID3v2.3, ambalo redio za zamani za magari hulisoma kwa urahisi kuliko toleo la 2.4.

Jina la faili liwe na mwimbaji, wimbo na lugha. Alama ya kuuliza haikubaliki kwenye majina ya faili za Windows, kwa hiyo shaka yako iandike kwa neno “labda”. Mwaka usiobishaniwa uandike. Usioujua uandike kwa muongo, mfano “miaka ya 1970”, ndani ya sehemu ya maoni. Sehemu hiyo ya maoni ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote: humo weka kanda ilikotoka, nani alikuambia, na lini. “Jina la mpiga besi kutoka kwa mjane wake, Nambale, Machi 2025” ni maelezo bora kuliko tagi hamsini. Kama mwenye habari hataki atajwe, andika uhusiano wake na wimbo bila jina.

Nyimbo za matanga na za jandoni zinataka adabu ya ziada. Uliza familia kabla ya kuzipakia, na usiziweke kwenye foda ya burudani. DJ anayechezesha wimbo wa kuagia maiti kwenye harusi kwa sababu faili ilisema “Teso mix” atakuwa amewakosea watu ambao huenda wasimwambie.

Ukipakia wimbo wako mwenyewe

Hapa usicheze. Kila rekodi inaweza kupewa ISRC, nambari yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 ambayo haibadiliki hata rekodi ikiuzwa, na toleo la jukwaani hupata ya kwake. Iombe, au uhakikishe msambazaji wako anakupa, na uitunze pamoja na mkataba. Sajili kazi yako KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na utunzi wako kwenye chama cha kukusanya mirabaha chenye leseni ya bodi hiyo. Kama mtunzi mwenzako ni wa ng'ambo ya mpaka, ulizeni mapema jinsi UPRS, chama cha mirabaha cha Uganda, kitakavyoandika sehemu yake. Andikeni majina kwa tahajia moja kila mahali. Ukiwa “Omondi wa Malaba” huku na “Omosh Malaba Boy” kule, kwenye mahesabu mtakuwa watu wawili.

Kichwa cha video na maelezo yake vipe nguvu kuliko tagi. Andika lugha, ala, mahali uliporekodi, mpigaji wa kila chombo. Majina ya mastaa wasiohusika usiyaweke. YouTube inayahesabu kuwa udanganyifu na inaweza kuiondoa video.

Ukitafuta

Usizitupe tagi za wengine. Mgala muue na haki yake umpe: tagi mbovu bado inaweza kukufikisha mlangoni. Tafuta kwa tahajia zote, kwa sababu pande mbili za mpaka huandika tofauti. Jaribu Teso, Iteso, Ateso, Itesot. Jaribu Samia, Saamia, Basamia. Jaribu Luhya, Luyia, Abaluyia, na Khayo pamoja na Bukhayo. Jaribu jina la ala bila jina la kabila. Soma maoni ya watazamaji chini ya video. Mara nyingi ndimo mtoto wa mpiga gitaa alimoandika “huyu ni baba yangu” na jina la kijiji, na hakuna aliyemjibu.

Mjibu wewe. Mwombe ruhusa, muulize jina kamili la baba yake, waliopiga naye na mwaka, kisha peleka marekebisho Discogs na MusicBrainz, ambako akaunti ni bure na mtu yeyote anaweza kusahihisha. Kama wapigaji wenyewe wangali hai Nambale, Amagoro au Port Victoria, nenda na simu yenye chaji na kanda yao mkononi, wasikilize wakiwataja wenzao, uandike kila jina wanalolitaja.